Zepelini Imekaa Ukutani Kwako na Hujui Ilikuwa Inaenda Wapi

Wasee, leo tuongee kuhusu kuta zenu.

Mkahawa mpya ukifunguliwa Nairobi siku hizi, kabla hata menyu haijaprintiwa, vitu vitatu vishafika: tofali zisizopigwa plasta, balbu zinazowaka rangi ya chungwa, na picha ya meli ya hewani. Mnaijua hiyo picha. Puto refu kama hindi la kuchoma, limepasuliwa ubavu uone mbavu za ndani, mishale midogo kila mahali, nambari, maandishi ya Kijerumani ama Kifaransa, karatasi imepakwa rangi ya chai ionekane ya kale. Iko kwa Airbnb za Kilimani. Iko nyuma ya jamaa wa podikasti. Iko kwa bedsitter ya mwanafunzi wa uhandisi kule Juja, juu ya kitanda, kando ya feni. Bei inaanzia elfu mbili, na hapo fremu haijaingia.

Sikuji hapa kuwaambia mtoe. Nakuja kuwaambia mnaitundika vibaya. Mmechukua mchoro wa mashine, kitu kilichochorwa ili mtu akisome, mkakifanya maua.

Nikisema hivi kwa comments huwa wanatokea watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wa "relax, ni vibe tu." Wa pili ni wale wa "hiyo ni vitu ya mzungu, choma." Wanatukanana hadi saa nane usiku, na nawaapia hakuna hata mmoja kati yao ameinua macho akaangalia hiyo picha dakika mbili.

Hebu tuiangalie basi.

Kuna mchoro mmoja maarufu sana kwenye hizi biashara za mapambo. Ni hataza ya Marekani nambari 621,195, ya tarehe 14 Machi 1899, ya Ferdinand von Zeppelin mwenyewe. Watu wengi wameutundika bila kujua unaonyesha nini. Unaonyesha treni! Mzee alikuwa anawaza behewa kadhaa za hewani zimeungwa moja nyuma ya nyingine, ya mbele ina injini, za nyuma zinabeba mizigo. SGR ya mawinguni. Hiyo treni haikuwahi kuundwa. Kilichoundwa ni behewa moja tu, LZ 1, lililoruka tarehe 2 Julai 1900 juu ya ziwa Bodensee kusini mwa Ujerumani. Urefu mita 128, yaani zaidi ya uwanja mzima wa mpira, mifuko 17 ya hidrojeni ndani, na injini mbili za Daimler zenye nguvu ya farasi kama 14 kila moja. Jumlisha. Farasi 28. Probox ya kubeba miraa inaipita mara tatu na bado inabaki na nguvu ya kukuovertake ukiwa kwa zebra.

Sasa kwenye michoro ya LZ 1, angalia chini ya tumbo la chombo. Kuna kitu kimening'inia. Huo ni uzito wa kusogezwa mbele na nyuma ili pua ipande au ishuke, kwa sababu usukani wa kuipandisha na kuishusha kama wa ndege za leo haukuwepo. Siku ile ya kwanza, safari iliisha mapema sana. Kilichoharibika ni nini? Ni mtambo wa kuvuta huo uzito. Yaani mchoro wako una kile kipande kilichoangusha siku ya mzee, kiko hapo kimechorwa vizuri, na wewe umekaa chini yake miaka miwili ukinywa latte hujawahi kukiona.

Ndio maana nasema huu si urembo. Mchoro wa kiufundi ni mtu anakushawishi. Anakwambia: najua unaniona mwenda wazimu, lakini angalia, kipande A kinaingia B, gesi inakaa hapa, uzito unashukia pale, ikikataa utajua imekatalia wapi. Ni hoja, ila imeandikwa kwa mistari. Hoja unaijibu. Huwezi kuijibu kama umeikodolea tu kwa sababu inaendana na rangi ya kochi.

Na hapa nifike kwa kitu kinanikera kuliko vyote. Picha feki.

Zaidi ya nusu ya zile ninazoona zikiuzwa kwa simu si michoro ya kale. Zimetengenezwa na AI wiki jana, zikatiwa madoa ya kahawa. Utazijua. Maandishi yake ukiyakaribia hayasomeki, ni kama Kijerumani kilichoandikwa na mtu anayeota. Kuna gia za shaba zimetapakaa kila mahali na hakuna hata moja inayozungusha kitu. Kuna mlingoti wa jahazi juu ya puto. Na kuna ile moja inanimaliza kabisa: ina injini ya mvuke, na bomba la moshi linatoa cheche likielekea juu, moja kwa moja kwenye mfuko wa gesi.

Manze. Hiyo si meli ya hewani. Hiyo ni bomu lenye viti.

Mtu aliyefanya hiyo kazi kikweli alikuwa Mfaransa, Henri Giffard. Tarehe 24 Septemba 1852 aliruka kutoka Paris hadi upande wa Trappes, karibu kilomita 27, akiwa na injini ya mvuke ya nguvu ya farasi tatu. Tatu tu. Alikuwa na makaa yanawaka chini ya mfuko wa gesi inayoshika moto, na alilijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe. Kwa hivyo bomba la moshi la Giffard linaangalia chini. Kwenye michoro ya kweli ya chombo chake utaliona, limepinda kwenda chini mbali na puto. Ndani ya huo mpindo mmoja kuna hofu ya mtu, akili yake, na hamu yake ya kurudi nyumbani akiwa hai. AI haiogopi kuungua, kwa hivyo imelielekeza juu, na wewe umelipa elfu mbili mia tano.

Kabla hamjaniambia "lakini hata michoro ya kale ilikuwa na uongo," ndiyo, nakubali, na hapo ndipo utamu ulipo. Kuna ya Francesco Lana de Terzi, padri wa Italia, ya mwaka 1670: mtumbwi umeshikiliwa hewani na mipira minne ya shaba iliyoondolewa hewa yote ndani. Ni picha nzuri ajabu, na haiwezi kufanya kazi. Shaba nyembamba vile ingefinywa na hewa ya nje kama kopo la soda ukilikanyaga. Lakini yule padri alikuwa amepiga hesabu. Alijua kitu chepesi kuliko hewa lazima kipande, na hilo ni kweli. Halafu kwenye hicho kitabu chake akaandika kwamba anaogopa Mungu hatakubali chombo kama hicho kifaulu, kwa sababu watu wangekitumia kuangushia miji moto kutoka juu. Mwaka wa 1670! Kosa lake lina kichwa na miguu. Kosa la AI halina mwenyewe.

Ngoja niwape moja ya wenye mikahawa, halafu nifike kwenye sehemu ngumu. Alberto Santos-Dumont, kijana wa Brazil, alizunguka mnara wa Eiffel na chombo chake nambari 6 tarehe 19 Oktoba 1901, akashinda zawadi ya faranga 100,000, akazigawa kwa mafundi wake na maskini wa Paris. Pesa za kuchezea maputo alizitoa wapi? Shamba la kahawa la baba yake. Yaani kuna meli ya hewani iliyoruka kwa pesa ya kahawa kabisa, na bado wenye mikahawa wote wa Nairobi wametundika ile ya Mjerumani. Hawasomi, nawaambia.

Haya. Sehemu ngumu.

Kuna zepelini moja ambayo michoro yake inapatikana pia, na hiyo hakuna Mkenya anafaa kuitundika bila kujua. Inaitwa L 59. Urefu wake ni mita 226, na ina injini tano. Tarehe 21 Novemba 1917 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na karibu tani 15 za mizigo: bunduki za rashasha, risasi, dawa. Ilikuwa inaenda wapi? Ilikuwa inakuja huku. Afrika Mashariki ya Wajerumani, Tanganyika, kumpelekea vifaa Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa anakimbizana na Waingereza porini tangu 1914.

Na haikuwa na mpango wa kurudi. Huku hakukuwa na hidrojeni ya kuijaza tena. Kwa hivyo ilipangwa ikitua ivunjwe, itumike yote kama ng'ombe wa harusi. Kitambaa cha nje kingekuwa mahema na nguo. Kitambaa cha ndani kingekuwa bandeji. Mifupa ya duralumini ingekuwa milingoti ya redio. Wasee wa Kamukunji, hii lugha mnaielewa: chombo kilichoundwa Ulaya kikiwa tayari kimepigiwa hesabu ya kuwa spea.

Ikavuka Mediterania, ikavuka Misri, ikaingia Sudan. Njiani injini moja ikaharibika, na ndiyo iliyokuwa inaendesha redio ya kutuma ujumbe, kwa hivyo ikabaki inasikia lakini haiwezi kujibu. Tarehe 23 Novemba, ikiwa magharibi ya Khartoum, ikapata amri ya kurudi. Ikageuka. Ikatua Jamboli asubuhi ya tarehe 25 baada ya saa 95 na karibu kilomita 6,757 bila kugusa chini. Siku hiyohiyo ya tarehe 25, Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji, akawapiga Wareno pale Ngomano, akachukua silaha na chakula chao. Akaendelea kupigana mwaka mmoja kamili, hadi 25 Novemba 1918, alipoweka silaha chini kule Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia.

Kama uhandisi, hiyo safari ni maajabu. Nasema bila aibu. Nikiangalia ule mchoro moyo wangu unaruka.

Lakini sasa piga hesabu nyingine. Zile tani 15, zingetua porini, zingetembeaje? Hakukuwa na barabara, na mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe na farasi. Zingetembea juu ya vichwa vya watu. Ukigawa kilo 15,000 kwa mizigo ya kilo 25, unapata watu 600. Watu mia sita wa kubebea meli moja mizigo yake, na hiyo ni safari moja ya mzigo mmoja. Wajerumani walishika wapagazi, Waingereza wakashika wapagazi wengi zaidi, mamia ya maelfu, kutoka Nyanza, kutoka Ukambani, kutoka kwa Wakikuyu, kutoka Pwani, kutoka Uganda na Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na kuchoka. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa watu ukakigeuza. Ndiyo Kariokor yetu, pale unaponunua kiondo na nyama choma. Ndiyo Kariakoo ya Dar es Salaam.

Sasa rudi kwa picha. Mchoro wa L 59 umetaja kila kitu. Injini ya mbele, injini za ubavuni, matangi ya mafuta, mifuko ya gesi moja baada ya nyingine. Kile kipande cha mwisho cha mashine, kile ambacho bila yeye mzigo haufiki, hakina nambari. Kipande hicho ni guka wa mtu. Pengine ni wako.

Wewe wa "choma", ndiyo sababu nakukatalia. Ukichoma picha, umemfuta na yeye pia, kwa sababu hapo ndipo pengo lake linaonekana. Na wewe wa "ni vibe tu", ndiyo sababu nakukatalia zaidi. Huwezi kuwa na vibe na kitu kilichokuwa kinakuja kwenu kikiwa na rashasha.

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho kimenifanya niandike leo badala ya kulala.

Kuna mkahawa mmoja mjini, sitautaja. Mashine yao ya kukaanga kahawa haikutoka Italia. Imeundwa na fundi wa jua kali ninayemjua, mzee wa miaka hamsini na kitu, tunamwita Mzee tu. Alichora kwanza. Alichora kwa kalamu ya wino kwenye kartoni ya televisheni: pipa, ekseli, mota, mahali gesi inaingia, mahali moshi unatoka, vipimo vyote kwa milimita. Kona moja ameandika "hapa isikaze sana, itapanuka ikipata moto." Hiyo sentensi ni sawasawa na bomba la Giffard, mtu ameona hatari kabla haijatokea.

Nilienda kwa mwenye mkahawa nikamwambia, chukua hii kartoni, iweke kwa fremu, itundike juu ya mashine yenyewe. Wateja wataona mchoro na kitu chenyewe kwa pamoja. Ulaya ungelipa tiketi kuona hivyo. Akanijibu haiendani na mood. Na juu ya hiyo mashine, naapa, kuna zepelini. Ya AI. Ina gia.

Nilipomwambia Mzee akacheka, akasema "kijana wangu, wao wanataka karatasi iliyozeeka." Lakini hiyo ndiyo hoja nataka mnijibu. Mwaka wa 1899 ile karatasi ya Zeppelin haikuwa ya kale. Ilikuwa karatasi ya ofisi. Imezeeka kwa sababu kuna ofisi iliyoiweka. Kartoni ya Mzee haitazeeka, kwa sababu mvua ikinyesha Kamukunji ndiyo itawekwa juu ya charcoal. Michoro mingi ya mafundi wetu hata haifiki kartoni, ni chaki kwenye bati, na bati likikatwa mchoro umeenda. Hatukosi wahandisi. Tunakosa mahali pa kuweka karatasi zao, na tukipata ukuta mtupu wa mita mbili tunaujaza na ndoto ya kompyuta.

Na msiniambie mtoto hajengwi na picha za ukutani. Kijana wa sekondari anayependa kuchora mashine akiingia mahali pazuri, pahali watu wana pesa na wametulia, anaangalia ukutani kuona ni nani anahesabiwa kuwa mtu wa akili. Kila mahali anaona mashine ni kitu cha Mjerumani mwenye masharubu. Halafu anaenda nyumbani anaambiwa jua kali ni kwa waliofeli.

Kwa hivyo, mambo ni haya. Usinunue hataza ya kale kwa elfu mbili, ni ya bure. Michoro ya hataza za Marekani za miaka hiyo iko wazi mtandaoni, hakuna wa kukudai, unapakua ikiwa safi, unapeleka River Road wanakuprintia kubwa kwa bei ya chipsi na kuku. Usikubali ikatwe ikabaki puto peke yake. Acha nambari, acha jina la mchoraji, acha tarehe, hizo ndizo nyama. Usiipake rangi ya chai, mchoro wa kweli wa hataza ni wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Ukiweka L 59, weka na neno Kariokor kando yake, kwa maandishi makubwa, wageni wakuulize. Na kwa kila mzungu mmoja ukutani, tafuta fundi mmoja wa mtaani kwenu, mwombe mchoro, mlipe, mwandike jina lake akikubali. Kama ana kitu kipya kabisa mwambie aende KIPI kwanza asajili, kabla mtu hajapiga picha akaenda nayo.

Ile ambayo tayari iko nyumbani kwako, isogelee leo jioni na tochi ya simu. Soma maandishi. Kama ni lugha ya kweli, uko sawa, endelea. Fuata gia moja uone inazungusha nini. Halafu tafuta bomba la moshi, na kama linaangalia juu, mpigie aliyekuuzia.